Walimu wa awali tunaongea sana darasani, watoto tunawasikiliza saa ngapi?

Mwl wa Vidudu TA

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mie ni mwalimu wa darasa la awali hapa Tanga mjini, huu mwaka wa 11 niko na hawa wadogo, wengine bado mnawaita vidudu na jina lenyewe nalipenda ndo maana nimejiita hivo. Kuna jambo linanikaa kooni siku nyingi, nimeona nilitoe hapa maana humu mna walimu wenzangu, mna wenye vituo vya kulelea watoto mchana, na wazazi ndo wengi zaidi.

Naanza na kisa changu mwenyewe. Mwaka juzi Januari nililetewa mtoto wa kiume, miaka 5, mama yake anauza samaki pale Deep Sea kwahiyo mtoto analetwa shule na bibi. Mtoto mpole, msafi, kandambili zake anazipanga mlangoni vizuri kuliko wote. Lakini ukimwita haitiki. Ukisema simameni, yeye anaangalia wenzie kwanza ndo anasimama. Ukimuuliza kitu anatabasamu tu. Nikahangaika nae wiki mbili tatu, darasa lenyewe lina watoto 86, mwisho kichwani mwangu nikamtia kwenye fungu la wakaidi na nikamhamishia nyuma karibu na dirisha. Alikaa nyuma miezi minne.

Siku moja kifungo cha shati kimekatika, nikapiga magoti nimfunge pini, uso wangu na wake hata kiganja hakipiti, nikamuuliza kwa sauti ya chini tu, "Nani kakukata kifungo hiki?" Akanitazama mdomo, sio macho, mdomo, akanijibu: "Kimenasa kwenye wavu wa babu, nikavuta, bibi atanigombeza, mwalimu usimwambie."

Mtoto ambae tangu Januari hajanipa maneno matatu! Alafu nikasikia harufu. Sikio la kulia kumetiwa pamba, na pamba imelowa usaha.

Mchana bibi alipokuja kumchukua nikamuuliza, akasema sikio hilo linatoka maji tangu mtoto ana miaka miwili, wanamtia mafuta ya nazi ya uvuguvugu, linakauka, likikaa mwezi linarudi. Sikupata usingizi siku ile jamani. Yule mtoto alikuwa ananiambia kila siku kwamba hanisikii, ananiambia kwa macho, anawatazama wenzie ili ajue nimesema nini, na mie mwenye cheti cha ualimu nikaona ukaidi.

Chuoni tulisomeshwa kuandaa andalio la somo, kutengeneza zana, nyimbo, mwandiko wa ubaoni. Kuongea mbele ya watoto tulifanyia mazoezi mpaka sauti zikakauka. Kusikiliza hatukufanyia mazoezi hata siku moja, ilichukuliwa kwamba kila mwenye masikio anajua. Naomba tulijadili hili, nitaendelea nikimaliza kazi za nyumbani.

baba wa Kisosora

Bi mwalimu nimesoma nimesisimka. Wa kwangu yuko awali mwaka huu, kila siku namuuliza umesoma nini leo ananijibu "tumesoma", basi. Endelea tunakusubiri.

Mwl wa Vidudu TA

Asante baba. Naendelea.

Baada ya kisa kile nikafanya kitu, niliweka simu yangu kabatini imerekodi sauti dakika 20 za somo, jioni nikajisikiliza. Jaribuni hili walimu, ila jiandaeni maana linauma. Karibu dakika zote ni mimi. Watoto wapo lakini wanaitikia kwa pamoja. "Huyu ni nani?" "Ng'ooombe." "Ng'ombe anatupa nini?" "Maziiiwa." "Mmeelewaaa?" "Ndiyoooo mwalimuuu." Mwalimu mkuu akipita dirishani anafurahi kuwa darasa lina uhai. Sasa katika ile "ndiyooo" mwanangu wa sikio nae yumo, anafungua mdomo akiona wenzie wamefungua. Na aliesinzia yumo, na asiejua ng'ombe yumo. Kuitikia kwa pamoja ni kuzuri kwenye wimbo na kwenye kuhesabu, watoto wanachangamka, siyo kwamba nakataa, lakini usikitumie kujua nani kaelewa, hutajua kamwe.

La pili nililolisikia kwenye ile rekodi ndo lilinimaliza. Nilimuuliza mtoto mmoja peke yake, "Jana ulikula nini nyumbani?" na kabla hajajibu nikasema "Ugali? Ulikula ugali eeh? Haya vizuri, kaa." Nikairudisha nyuma nikahesabu, sikumpa hata sekunde mbili. Yaani swali nimeuliza mimi na jibu nimetoa mimi na pongezi nimetoa mimi.

Kuna mama mmoja mtafiti wa Marekani anaitwa Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alichunguza hilo hilo kwenye madarasa ya sayansi ya shule za msingi kwao, akakuta walimu wakishauliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu kisha wanamrukia mwingine au wanajibu wenyewe. Akawaambia wasubiri sekunde 3 au zaidi. Majibu ya watoto yakawa marefu, na wale wasiozoea kunyoosha mkono wakaanza kunyoosha, na "sijui" zikapungua. Sekunde 3 tu. Na wale walikuwa wakubwa kuliko hawa wetu, mtoto wa miaka 4 au 5 anahitaji zaidi, maana inabidi alisikie swali, alielewe, atafute neno, alafu apange mdomo. Mie sasa hivi nikishauliza nahesabu kimoyomoyo mpaka 5 huku namtazama kwa uso mkunjufu. Mara ya kwanza unaona kama mwaka mzima umepita. Watoto wengine wanapiga kelele "mie mwalimu mie!", nawawekea kidole mdomoni, namsubiri mwenyewe. Na jibu linakuja! Kuna binti alinipa jibu la swali la mduara wa asubuhi tukiwa tumeshaanza kunywa uji.

mwl mpya Mkinga

Dada mwalimu shikamoo. Mimi nimeajiriwa juzi tu nipo huku upande wa Duga Maforoni, karibu na mpaka wa Horohoro. Nakubaliana na yote ila niambie ukweli, watoto 94 mwalimu mmoja, nimsikilize nani nimuache nani? Nikimpigia magoti mmoja hao 93 wanapanda madirishani. Mwongozo unasema mwalimu 1 watoto 25 lakini hao 25 sijawahi kuwaona wakiwa peke yao.

La pili, wengi hapa nyumbani wanaongea Kidigo. Wiki ya kwanza mtoto kanyoosha mkono akasema "madzi". Darasa likacheka. Nikamwambia sema maji, sio madzi, maji. Akakaa. Hakuomba tena maji mpaka wiki ikaisha, nikaambiwa na dada yake wa darasa la tatu kwamba mdogo wake anakunywa maji akifika nyumbani tu. Niliumia lakini sikujua nifanyeje.

Mwl wa Vidudu TA

Marahaba mdogo wangu, hongera kwa ajira, na pole. Tangu elimu bila ada ianze kutekelezwa 2016 madarasa ya awali yamefurika, ni jambo la heri watoto wanasoma, ila mzigo ni wako na mimi.

Nikuambie ninavyofanya mimi na watoto 86. Siwezi kumsikiliza kila mmoja kila siku, hilo nilishaacha kujidanganya. Nina orodha, kila siku watoto 6 ndo wasemaji wa leo. Nawavalisha kamba ya mkonge shingoni yenye kikadi, hao 6 siku hiyo ni wangu: nawasalimia mmoja mmoja kwa jina mlangoni, wanapochezea udongo au kwenye kona ya duka nakaa nao chini, namwacha aongee dakika mbili tatu, naandika nilichosikia kwenye kidaftari. Watoto 6 kwa siku, siku 15 za shule umemaliza watoto 90. Maana yake kila wiki tatu hakuna mtoto ambae hujamsikia sauti yake peke yake. Ningekuwa na orodha ile mwaka juzi, yule mwanangu asingekaa nyuma miezi minne.

Na hao wengine wanafanya nini? Wanaongea wao kwa wao. Nimewafundisha "geuka kwa jirani". Nauliza kitu, mfano jana mvua iliponyesha ulikuwa wapi, nasema geuka kwa jirani, wanageuziana uso wawili wawili, mmoja anasema mwingine anashika sikio lake kuonyesha ni zamu yake ya kusikia, nikipiga kofi moja wanabadilishana. Darasa linavuma kama soko la Mgandini lakini watoto 43 wanaongea kwa mpigo, ukilinganisha na yule mmoja uliemsimamisha wengine 85 wakichezea vidole. Wiki ya kwanza itakuwa vurugu. Vumilia, ya tatu watazoea.

Kuhusu madzi. Mtoto akishasema madzi ameshakwambia, ana kiu. Mjibu kiu kwanza. "Unataka maji? Haya mwanangu, maji yale pale, twende tukachukue maji." Umeona, neno maji kalisikia mara tatu kutoka kwako na hujamwambia amekosea. Kesho kutwa atalisema mwenyewe. Na wale wanaocheka usiwagombeze sana, waambie "Kidigo wanasema madzi, nani anajua Kisambaa wanasemaje? Kibondei?" Hapa mjini ninao wa kila kabila, Wasegeju, Wazigua, wanapenda mchezo huo mno. Alafu na wewe jifunze Kidigo cha darasani hapo, maneno 20 tu, ya kuumwa, njaa, haja, mama, kuogopa. Wakikusikia unayasema kwa kukosea wanafurahi na wanakusahihisha, na siku hiyo ndo utawasikia sauti zao.

Mzee wa Mkonge

Nimesoma toka juu. Mimi ni wa zamani kidogo, nimelelewa Ngamiani enzi hizo mtoto hasemi mbele ya mkubwa mpaka aulizwe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofunzwa. Sasa nyie walimu mnapiga magoti mbele ya mtoto, mnambembeleza aongee, mwisho mnatuletea watoto wasio na adabu wanaomjibu baba yao. Mwalimu anatakiwa asikilizwe, sio asikilize. Sisemi kwa ubaya.

Mwl wa Vidudu TA

Mzee wangu shikamoo. Umesema kwa upole na mimi nakujibu kwa heshima.

Nikukumbushe chuo tulichopita sote jioni, chuo cha Kurani. Mwalimu wa chuo anakaa kwenye mkeka, watoto arobaini wanasoma kwa sauti, kila mmoja pake. Alafu anamwita mmoja mmoja mbele yake, mtoto anasoma peke yake, mwalimu amefumba macho kama amelala. Herufi moja ukiikosea anafumbua. Hamsemeshi mwingine, hamkatishi, anamsubiri mpaka afike mwisho wa aya. Yule alikuwa na bakora na tulimuogopa, ila hapakuwa na mtu mwenye kusikiliza mtoto kuliko yeye. Mimi napenda lile sikio lake, hiyo bakora ndo niliyoiacha.

Na adabu wanakuwa nayo mzee. Mtoto akisikilizwa anajua kusikiliza kunafananaje, anaiga. Wangu wakiona mwenzao anaongea wengine wanashika masikio bila kuambiwa. Yule ambae hasikilizwi popote ndo anaepiga kelele na kusukuma wenzie, maana kagundua akisukuma mtu ndo mwalimu anamtazama. Kabla sijamwadhibu anaesukuma siku hizi namuuliza kwanza, na simuulizi "kwanini umefanya hivo", hiyo mtoto wa miaka 5 haiwezi, atakuangalia tu au atasema uongo. Namuuliza "kumetokea nini?" Hapo anakusimulia.

Jambo jingine dogo linalosaidia adabu. Ukitaka mtoto afanye kitu sema kile unachotaka, usiseme usichotaka. Ukipiga kelele "usikimbie!" kichwani kwake linabaki kukimbia na hajui badala yake afanye nini. Sema "tembea." "Weka kikombe mezani." "Sauti ya chini." Maneno mawili matatu, ukiwa karibu nae, umeshamwita jina na amekuangalia. Amri tatu kwa pamoja, kunja mkeka nawa mikono njoo hapa, mtoto wa miaka 4 anabaki na moja, hizo nyingine mara nyingi zimemwagika njiani, na huko nako tunaita ukaidi.

Mzee wa Mkonge

Hilo la chuo umenishika. Mwalimu wetu wa barabara ya 12 alikuwa hivyo hivyo, amefumba macho. Endeleeni.

mlezi Bagamoyo

Jamani na mie nichangie kutoka Bagamoyo, nina kituo kidogo cha kulelea watoto mchana, miaka 2 mpaka 4, watoto 18 tuko walezi wawili. Wa umri huu maneno hawana mengi kwahiyo kusikiliza ni kwa kuangalia zaidi. Mtoto anaekunja vidole vya miguu na kubana mapaja, huyo hujamsikia bado ila ameshasema anataka kukojoa. Anaesugua sikio, anaeng'ata wenzie kila ikifika saa tano (njaa au usingizi huyo, muangalie muda). Tulipata mafunzo ya ile programu ya taifa ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM iliyozinduliwa 2021, wanasema malezi yenye mwitikio, mimi nilivyolielewa ni kwamba mtoto akirusha kitu, hata sauti, hata kidole, wewe urudishe. Anaonyesha kunguru, unasema eeh kunguru, kunguru anaruka, kaenda wapi? Alafu unamwacha arushe tena.

Ninalotaka kuuliza, nina mtoto miaka 3 na nusu ameanza kigugumizi, ma-ma-ma-mama, mzazi anamwambia vuta pumzi sema polepole, na mie nafanya hivo hivo. Ni sawa?

Mwl wa Vidudu TA

Umenifurahisha na hiyo ya kunguru.

Kigugumizi kwenye umri wa miaka 2 mpaka 5 kinatokea sana, na wengi kinawaachia chenyewe. Vuta pumzi, sema polepole, anza upya, zote hizo mwambie mzazi aziache. Mtoto anajua tu kwamba anavyoongea kuna tatizo, anaanza kuogopa na kinazidi. Usimmalizie neno hata kama unalijua. Punguza wewe spidi yako ya kuongea, mtazame usoni kawaida, msubiri, jibu alichosema na sio alivyosema. Kikizidi miezi 6 au ukiona anakaza uso, anapiga mguu chini ili neno litoke, ameanza kuacha kuongea, hapo aende hospitali aonwe, usisubiri.

mama mapacha

Samahani mimi ni mzazi, naomba niongee la upande wetu. Kuna shule moja nilikuwa na mwanangu, mwalimu aliandika kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, mbele ya wazazi sitini, kwamba mama fulani mwanao amejisaidia tena nguoni leo, mpeleke haja kabla ya kuja. Jina langu kabisa. Nilizima simu siku mbili. Mtoto wangu alikuwa anajisaidia kwa sababu vyoo vile anaviogopa, tundu kubwa na giza, alikuja kuniambia mwenyewe baadae sana. Hakuna aliyemuuliza, na mimi nakiri sikumuuliza.

Mwl wa Vidudu TA

Pole sana mama. Nakuomba radhi kwa niaba yetu walimu, lile halikupaswa.

Walimu wenzangu tuelewane hapa. Grupu ni la matangazo, kesho kuna kikao, leteni vikombe vya uji. Habari ya mtoto mmoja haiingii kule, hata ikiwa ya kusifia, maana ukimsifia mmoja wengine 85 wameumia. Na wazazi wengi hapa kwetu kusoma ujumbe mrefu ni kazi, bibi wa mwanangu wa sikio hana hata simu ya kioo. Mpigie au mtumie sauti, au subiri getini.

Na getini kwenyewe kuna namna. Zamani mtu akifika nilikuwa naanza na shtaka. Mama fulani, mwanao leo kafanya moja mbili tatu, mbele ya wenzie, na mtoto yupo pale anasikiliza anasemwa kama hayupo. Mama anakasirika, nyumbani mtoto anachapwa, kesho mtoto ananiogopa, mama nae getini anapita kama hanioni. Sasa hivi namvuta pembeni, salamu iliyokamilika, habari za nyumbani, za biashara, bibi anaendeleaje mguu. Namwambia kitu kimoja nilichokiona kwa mtoto siku hiyo, kitu cha kweli nimekiona kwa macho yangu, mfano leo kamgawia mwenzie muhogo. Alafu ndo naleta jambo, na nalileta kama swali: "Mwenzangu, darasani naona akienda chooni analia, nyumbani ikoje?" Na hapo nanyamaza. Mzazi anajua vitu kuhusu huyu mtoto ambavyo mimi nikimfundisha miaka 10 sitavijua. Mara nyingi jawabu lote linatoka kwake.

Baba wa Kisosora, lile la mwanao kukujibu "tumesoma" tu sijakujibu bado. Usimuulize umesoma nini, hilo ni swali la wakaguzi. Muulize nani alikaa karibu nae leo, au uji ulikuwa wa moto, au nani alilia. Au usiulize, kaa nae tu mnatengeneza baiskeli, sema la kwako kwanza, "leo mimi kazini mvua ilinikuta." Utashangaa.

baba wa Kisosora

Nimejaribu jana hilo la nani alilia. Dakika kumi hajanyamaza. Kumbe aliyelia ni yeye.

mwl mpya Mkinga

Dada na mtoto akikwambia jambo zito? Maana nikianza kuwasikiliza hivi nahisi nitasikia vitu. Mjomba, jirani, vitu kama hivyo. Naogopa.

Mwl wa Vidudu TA

Utasikia. Nisikufiche, utasikia.

Siku hiyo uso wako usibadilike, ndo jambo la kwanza na ndo gumu. Ukipiga yowe "eti nini?!" mtoto anafunga mlango hapo hapo. Msikilize mpaka aishie anapoishia mwenyewe. Mwambie umefanya vizuri kuniambia, na sio kosa lako. Usimhoji kama polisi, usimtajie majina ili akubali, usimrudishie mara nne mara tano, wapo waliosomea kazi hiyo. Na usimwahidi kwamba ni siri yenu wawili, maana sio siri, itabidi useme. Andika siku hiyo hiyo maneno yake kama alivyoyasema, usiyasafishe. Nenda kwa mwalimu mkuu, kuna afisa ustawi wa jamii, kuna dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, na kuna namba 116 ya kusaidia watoto, unapiga bure. Usianze kwenda kuulizia nyumbani kwao peke yako, anaeweza kuwa mhusika ndo atakaekufungulia mlango.

Na wewe mwenyewe tafuta wa kuongea nae, bila kutaja mtoto. Sisi tuna ile jumuiya ya ujifunzaji ya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) hapa shuleni, rasmi tunajadili mada za ufundishaji ila kiukweli nusu ya muda tunasikilizana sisi kwa sisi, na mimi nilikimwaga kisa cha yule mtoto pale kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyenicheka. Mwenzangu wa darasa la pili akasema na yeye ana mmoja anaegeuza kichwa upande akisemeshwa. Tukampeleka nae hospitali.

mlezi Bagamoyo

Bi mwalimu hujatuambia, yule mtoto wa sikio ikawaje?

Mwl wa Vidudu TA

Kweli nilisahau. Tulikwenda hospitali mimi na bibi, Jumamosi. Daktari akasema ngoma ya sikio la kulia imetoboka kwa usaha wa muda mrefu, na la kushoto lina majimaji kwa ndani. Akatueleza kwamba ule mrija unaotoka sikioni kwenda kooni kwa watoto ni mfupi na umelala, mafua yanapanda kirahisi, ndo maana masikio ya watoto yanaugua sana. Akakataza mafuta ya nazi kabisa, wala maziwa ya mama, wala kitu chochote kisichotoka kwake. Akampa dawa, akamfundisha bibi kukausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, na asiogelee baharini, hilo ndo lilimliza mtoto. La kushoto limepona. La kulia limekauka lakini kusikia ni kidogo.

Nilimtoa nyuma siku ile ile ya kifungo. Nikamkalisha mbele, upande wa kulia wa darasa ukitazama ubao, ili sikio la kushoto liwe upande wangu, na nikajizoesha nisiongee huku nimegeukia ubao. Wengine wote nao wakanufaika na hilo. Sasa hivi yuko darasa la pili, mwalimu wake nilimuachia maelezo kwenye karatasi.

Kila Ijumaa anakuja mlangoni kwangu wakati wa mapumziko kunipa habari za baharini, babu yake anampeleka maji yakipwa, siku za bamvua. Ijumaa iliyopita alinieleza pweza anavyotafutwa. Alisimulia kwa mikono na macho, anatafuta neno, ananyamaza, analipata, anaendelea, mpaka kengele ya pili ikagonga na chai yangu imepoa. Akasema pweza huwezi kumuona mwalimu, yupo rangi ya jiwe. Unatazama kwenye mashimo, ukiona nje pana maganda ya kaa na chaza yamerundikwa mlangoni, basi mwenyewe yumo ndani.